Zamu ya Saa Mbovu

Walimwita Saa Mbovu kwa sababu alikuwa anatangulia. Saa mbovu za watu wengine huchelewa, yake ilikimbia. Zamu yake ya maji ikiwa jua limeshapanda, yeye alikuwa langoni umande haujakauka, jembe begani, suruali kaikunja mpaka magotini, anapiga soga na mtu ambaye zamu yake haijaisha na ambaye anatamani aondoke mbele ya macho yake. Watu walimcheka, naye akacheka nao, na zamu iliyofuata akatangulia tena.

Hakuwa na wazimu. Mfereji ule ulichimbwa na kizazi cha baba yake, kwa sururu na mikono yenye malengelenge, kutoka mtoni hadi huku bondeni, na wachimbaji walipomaliza waliweka sheria moja kubwa: kila aliyechimba ana zamu yake, na zamu hiyo inarithiwa, lakini atakayeacha lango lake limefungwa mara mbili mfululizo, basi ameitupa. Zamu inakwenda kwa wanaosubiri, na wanaosubiri hawajawahi kupungua. Sheria iliwekwa kuwakomesha wavivu, na wale waliohamia mjini wakaacha maji yapite bure. Kwamba siku moja mtu atakuwa na maji kupita kiasi, hilo halikumjia mtu yeyote akilini. Nani aliyewahi kulala njaa kwa sababu ya maji mengi?

Wala usidhani ungeweza kufungua halafu ukayaachia yaende zake porini. Maji ya mfereji yalipaswa kuonekana yakiingia shambani. Kuyamwaga porini lilikuwa kosa baya kuliko uvivu wenyewe, na aliyewahi kulifanya alihama kwa aibu.

Baba alipofariki aliacha zamu moja na mashamba mawili yaliyopandana kama ngazi. La juu alimpa mwanawe wa kiume, ndiye huyu Saa Mbovu, pamoja na zamu. La chini alimpa binti yake mkubwa, akasema maji yakimaliza kwa kaka yataendelea kwa dada, wao ni damu moja, hawatanyimana. Mzee alifikiri amemaliza kazi. Na kwa miaka mingi ni kweli aliimaliza.

Dada mtu walimwita Mama Vitunguu, na jina hilo hakupewa bure. Vitunguu vyake vilikuwa vinatoka ardhini vimefanana kama watoto wa mama mmoja, na wachuuzi walikuwa wanakuja na magunia yao kabla hajang'oa hata kimoja. Siri yake aliitaja mbele ya kila aliyemuuliza: kati ya mche na mche weka upana wa kiganja, usizidishe, usipunguze. Mdogo wake hakujifunza hata siku moja. Kila alipokuja kumsaidia kupanda alibananisha miche kama watu kwenye foleni ya mkate, na dada yake akapita nyuma yake akiing'oa na kuirudishia, huku akimkumbusha kwamba kiganja anacho, tena viwili. Mumewe alipokufa, kilimo hicho ndicho kilichomshika mkono. Hakuwa na kingine, na hakutaka kingine.

Chumvi ilianza pembeni, kwenye kona ya chini kabisa ya shamba. Alidhani mtu amemwaga majivu. Akachota kidogo kwa kidole, akaonja, akatema. Msimu uliofuata ule weupe ulikuwa umepanda hadi kwenye matuta, na ncha za majani ya vitunguu zilikuwa zimekauka kana kwamba mtu amepita na kijinga cha moto akizigusa moja moja. Aliongeza samadi. Akapalilia mara mbili. Alipong'oa, vitunguu vilikuwa vidogo kiasi kwamba mchuuzi wake wa siku zote alikiviringisha kimoja kiganjani, akakirudisha kwa adabu, akamwuliza habari za wajukuu.

Mama Vitunguu hakuwa mtu wa kushika tama. Alichukua jembe akachimba shimo katikati ya shamba. Kabla shimo halijafika kina cha goti, maji yakaanza kuvuja ndani yake, ya rangi ya chai iliyokosa maziwa. Akasimama akalitazama shimo, halafu akainua macho kulitazama shamba la mdogo wake lililokaa juu yake, mahindi yamesimama kijani mpaka yanakera. Hapo akaelewa. Ardhi ile ilikuwa inanyweshwa bila kupumzishwa. Maji ya juu yalikuwa yanateremka chini kwa chini na kujaa kwake, jua likiyavuta yanapanda, na kila yakipanda yanaacha kitu cheupe nyuma.

Siku hizo hizo ikanyesha mvua, rasharasha ya asubuhi ambayo huku ndiyo huitwa mvua. Mama Vitunguu alikuwa amejikinga mlangoni alipomwona mdogo wake anapita na jembe, mfuko wa nailoni kichwani, anakwenda kufungua maji. Mvua inanyesha, shamba limelowa chepechepe, naye anakwenda kumwagilia. Waliomwona walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Vitunguu hakucheka. Alijua kwa nini anakwenda, na alijua maji yale yataishia wapi.

Alituma salamu kwa Bibi Shamba, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa anahudumia vijiji vyote vya bonde kwa pikipiki moja. Jibu likarudi kwamba atakuja, lakini asubiriwe, kwani ana watu wengi mbele. Mama Vitunguu akasubiri kidogo, na huko kusubiri kidogo ndiko kulikomponza. Mtu akishaona kwa macho yake mahali ugonjwa unapotokea, huwa hana subira ya kumngoja mganga.

Akaenda kwa mdogo wake jioni moja, akamkuta amekaa kwenye kigoda na mkewe anachambua mboga. Akamweleza yote, shimo, maji ya chai, chumvi. Akamwomba ampumzishie ardhi. Mdogo wake alisikiliza akikuna kisigino, na alipojibu alijibu kwa upole, kwa sababu hakuwahi kumpandishia dada yake sauti.

"Dada, zamu ya baba siwezi kuiacha ifie mikononi mwangu. Mimi sina elimu, sina ng'ombe, sina chochote. Mtu akiniuliza baba yako alikuachia nini, namwonyesha lile lango."

"Siombi uiache. Fungua moja, funga moja. Sheria haitakugusa."

Wifi yake aliweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mchapakazi, asiyependa maneno mengi, na kwa hiyo maneno yake machache yalikuwa na makali.

"Wifi, unamwomba mume wangu ajikate mkono ili kidonda chako kipone. Na huo mkono ndio unaotulisha."

Mama Vitunguu alirudi kwake akiwa ameinamisha kichwa. Hakumchukia wifi yake. Angekuwa yeye, angesema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Hata hivyo mdogo wake alimsikiliza. Akaanza kufungua zamu moja na kufunga moja, ingawa langoni alitokea zamu zote. Mahindi yake yalipungua rangi, mkewe akanuna, lakini alishikilia. Mama Vitunguu akawa kila siku anakwenda kuchungulia lile shimo lake kama mtu anayechungulia chungu jikoni. Maji yalikuwa yale yale. Alipanda tena, miche ikashika siku chache, ikageuka njano, ikalala chini. Nusu ya dawa haikumponya mgonjwa, na shamba likazidi kuwa jeupe.

Asubuhi moja Saa Mbovu alishuka kwa dada yake kuazima sururu. Hakumkuta nyumbani, akamfuata shambani, akamkuta ameinama na fagio la uani, anafagia matuta. Anafagia chumvi, anaikusanya kwenye karai, anakwenda kuimwaga njiani, anarudi kufagia tena.

"Dada, unafagia shamba?"

"Nafagia," akasema bila kuinuka. "Uani kwangu kumeshakuwa safi, nikaona nitafute kazi."

Akacheka ili naye acheke. Mdogo wake hakucheka. Mama Vitunguu akainuka, akamwona anavyomtazama, na uso wake wote ukavunjika, akaanza kulia, fagio bado mkononi. Kwenye msiba wa mumewe alikuwa amelia kidogo tu, kwa adabu, akitazama nani kala na nani hajala. Siku ile alilia kama mtoto aliyeanguka. Saa Mbovu alisimama pale hajui mikono yake aiweke wapi. Mwishowe alichukua karai lililojaa, akaenda kulimwaga yeye, akalirudisha mahali pake, akaondoka bila ile sururu aliyoijia.

Zamu iliyofuata hakutokea langoni. Msimamizi wa mfereji, ambaye watu walimwita Bwana Lango, alisimama na mpini wake wa chuma wa kufungulia, akangoja, akatazama njia, akatazama jua. Ikasemwa huenda Saa Mbovu amefariki usiku. Wawili wakaanza kabisa safari ya kwenda kutoa pole, wakamkuta mhusika amekaa kibarazani anapukuchua mahindi. Akawaambia saa leo imelala, akawakaribisha wapukuchue naye.

Mama Vitunguu alifurahi. Aliona ni zamu ya kufunga tu imeangukia siku hiyo, akajiambia inayofuata atafungua kama kawaida. Lakini ilipofika hiyo inayofuata, aliamka mapema, akatoka, akaona kutoka mlangoni kwake kwamba mfereji mdogo wa mdogo wake umekauka, na lango la juu limesimama limefungwa, na hapana mtu aliyesimama mbele yake na jembe. Jua likaanza kupanda.

Alielewa anachokifanya. Alivaa kandambili akashika njia ya kwenda kumwambia afungue, haraka, kabla muda haujapita. Alifika kwenye tuta la mpaka linalotenganisha mashamba, akasimama. Kutoka pale aliliona shamba lake lote, jeupe, limelala kifudifudi juani. Akafikiri: mara moja tu. Kama hatafunga leo, hatafunga tena, na mimi nitakufa nafagia. Alisimama hapo mpaka kivuli chake kikamfikia miguuni, kisha akageuka akarudi jikoni kwake akabandika maji ya chai ambayo hakuyanywa.

Zamu ikaenda. Haikuhitaji kelele, Bwana Lango alitikisa tu kichwa akatoa habari, na jioni yake maji yalikuwa na mwenyewe mpya, mwalimu mstaafu aliyenunua shamba ng'ambo ya mfereji na kusubiri kwa miaka. Watu walimwendea Saa Mbovu, wengine kumlaumu, wengine kumcheka, na wengi kumshangaa. Yeye aliwaambia amechoka kuamka mapema. Hakumtaja dada yake hata mara moja, na dada yake alilijua hilo kwa sababu hakuna aliyekuja kumlaumu yeye.

Wifi mtu ndiye aliyejua. Hakugomba. Aliacha tu kumsalimia. Wakikutana kisimani, alijaza ndoo yake, akaitwika, akapita, na Mama Vitunguu akabaki na salamu yake mdomoni.

Mahindi ya Saa Mbovu yakakauka yangali hayajabeba. Akatafuta kibarua, na kibarua kilichopatikana kilikuwa kwa yule mstaafu, kumsimamia maji kwenye zamu yake. Kwa hiyo siku ile ile, kwenye lango lile lile, Saa Mbovu alionekana tena umande haujakauka, jembe begani, suruali magotini. Alikuwa ametangulia. Hakuna aliyecheka, na ukimya huo, Mama Vitunguu aliposimuliwa, ulimuuma kuliko kicheko.

Alijipa moyo kwamba angalau shamba litapona, na likishapona ataligawa, nusu la kwake, nusu la mdogo wake, watakula sahani moja kama zamani. Shimo lilikauka kweli. Siku alipoingiza mkono akatoka na udongo mkavu, alipiga magoti pale pale akashukuru. Lakini weupe haukuondoka. Ulizidi. Uligeuka ganda, ukawa unavunjika chini ya kandambili kwa sauti ya biskuti, na chini ya ganda udongo uligandana ukawa mgumu kama tofali. Alimwaga pumba, akamwaga samadi, akamwaga majani. Alifagia. Ardhi ilikuwa imekauka kama alivyoiombea, na ilikuwa imekauka na chumvi yake yote ndani.

Ndipo Bibi Shamba akaja. Alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, viatu vya mpira miguuni, vumbi mpaka kwenye kope, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuomba radhi kwa kuchelewa. Akachota udongo sehemu mbalimbali, akautia kwenye chupa na maji, akatikisa, akachovya kidude chake chenye namba, akasoma. Akachovya tena kana kwamba kidude kimekosea. Halafu akachuchumaa, na Mama Vitunguu akachuchumaa naye, kwa sababu alijua habari mbaya hazisikilizwi kwa kusimama.

"Mama, umewahi kusahau sufuria ya maji ya chumvi motoni?"

"Nimewahi."

"Maji yakaenda wapi, na chumvi ikabaki wapi?"

Mama Vitunguu akagusa ganda jeupe kwa kidole. Bibi Shamba akaendelea taratibu. Akasema tatizo lake alikuwa amelitambua sawasawa, maji kweli yalikuwa mengi mno na hayakuwa na njia ya kutokea. Lakini kukausha hakuondoi chumvi, kunaiacha. Chumvi huondoka kwa njia moja tu: unachimba mtaro wa kina hapo mwisho wa shamba, uelekee korongoni, halafu unafurika shamba zima kwa maji matamu ya mfereji, unayaacha yazame, yaichukue chumvi yaende nayo mtaroni. Unarudia, unarudia tena. Mtaro wenyewe si kazi kubwa, watu wawili wenye nguvu wanaumaliza. Alikuwa ameshaona mashamba yaliyokuwa mabaya kuliko hili yakirudi kulimwa vitunguu.

"Cha muhimu ni maji tu," akasema, na akanyanyuka akijipangusa magoti. "Zamu si mnayo?"

Mama Vitunguu alitazama juu, kwenye shamba la mdogo wake lenye mabua makavu.

"Tulikuwa nayo."

Akauliza kuhusu mvua. Bibi Shamba akamjibu kwa masikitiko kwamba mvua za huku zinalowesha tu, haziwezi kuosha. Akauliza kuhusu ndoo. Bibi Shamba akatazama ukubwa wa shamba, akamtazama yeye. Aliandika namba yake ya simu kwenye kipande cha mfuko wa mbegu, akasema maji yakipatikana ampigie tu, hata siku ya mapumziko, atakuja kuwaonyesha pa kuchimba. Kisha akawasha pikipiki akaenda kwa wengine waliokuwa wanamngoja.

Mchana huo huo Mama Vitunguu alipanda hadi kwa Bwana Lango. Alimkuta katika kile chumba chake kidogo cha mabati juu ya mfereji, mpini wa chuma umetundikwa msumarini, koti la mvua pembeni yake, redio inakoroma. Alimweleza yote bila kuficha. Alisema mdogo wake hakuwa mvivu, alifunga kwa kuombwa, na aliyemwomba ni yeye, basi aadhibiwe yeye. Alisema hataki zamu irudi, anataka maji ya kuoshea ardhi msimu mmoja tu.

Bwana Lango alizima redio. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkatisha tamaa kabisa; mtu mbaya unaweza kumbembeleza au kumtisha.

"Mama, unajua mimi nimeshika mpini huu tangu lini? Baba yangu alikuwa mgonjwa walipochimba, hakuchimba. Sina zamu. Nalifungulia bonde zima, na shamba langu nalilima kwa mvua. Nami nasubiri kama wengine. Nikikufungulia wewe leo, kesho nitajizuia vipi kujifungulia mwenyewe?"

Mama Vitunguu alikaa kidogo, wakasikiliza maji yanavyopita chini ya sakafu. Halafu akamshukuru, akatoka.

Njia ya kurudi ilipita kwa mdogo wake, na alikata shauri amwambie. Aliona ni haki yake. Mtu aliyekatwa mkono kwa ajili yako usimwache aendelee kuusubiri uote. Alipanga maneno njiani, akayapangua, akayapanga tena, na alipofika hodi ilimtoka kwa sauti isiyo yake.

Saa Mbovu aliitika kutoka nyuma ya jiko. Alikuwa amechuchumaa penye kivuli cha ukuta, na mbele yake kulikuwa na kitalu kidogo kilichozungushiwa vijiti, na ndani ya kitalu miche ya vitunguu, kijani, imesimama mingi na imebanana kama kawaida yake. Alikuwa ameiotesha kwa maji ya kuoshea vyombo, kibakuli kwa kibakuli, jioni akitoka kibaruani. Alikuwa hajamwambia mtu. Alikuwa anangoja ifikie kimo cha kuhamishwa.

"Nilitaka nikushtukize," akasema, uso wote umemfunguka. "Nimepita juzi nikaona shimo lako limekauka kabisa. Nikasema basi, kazi imekubali. Huyo Bibi Shamba nimesikia amefika leo. Amesemaje?"

Maneno yote aliyoyapanga yalikuwepo. Alimtazama mdogo wake, mikono yenye tope la kitalu, magoti makavu, na hakuona popote katika mwili wake mahali ambapo maneno hayo yangeweza kutua bila kumwua.

"Amesema umefanya vizuri," akajibu.

"Nilijua."

Walihamisha miche siku iliyofuata. Mama Vitunguu alivunja ganda kwa jembe, akafagia kwanza, akachora mistari kwa kamba kama alivyofundishwa na mama yake. Saa Mbovu alikuwa anapanda na kumwagia kila mche kikombe cha maji waliyoyateka kisimani. Maji yalipogusa udongo yalitulia juu kidogo, kisha yakaingia, na pembeni yake papo hapo ukajitokeza ukingo mwembamba mweupe. Mama Vitunguu aliuona. Mdogo wake hakuuona, au aliuona akafikiri ni povu.

Jua lilipokuwa linapinda, wifi yake alitokea kwenye tuta la mpaka, ndoo kichwani. Alishuka hadi shambani, akaitua ndoo, akajinyoosha mgongo, akatazama mistari ya kijani iliyokwisha pandwa.

"Wifi, unisamehe," akasema. "Nilikuona una roho ya choyo. Kumbe ulikuwa unajua unachokifanya."

Mama Vitunguu alitikisa kichwa tu, na wifi yake alidhani ni msamaha, akamshika bega, akaenda kuteka ndoo nyingine. Kisima kilikuwa mbali, na alikwenda anaharakisha.

Mama Vitunguu alijua kila kitu. Alijua siku chache miche hii itashika, kwa sababu ya unyevu huu wa ndoo, na mdogo wake ataamka kabla ya jua kuja kuitazama. Alijua ncha zitaanza kuungua. Alijua atamwita, na atamwuliza, na siku hiyo atalazimika kusema, na kwamba hapo hakutakuwa tena na maji, wala vitunguu, wala mtu wa kumlaumu isipokuwa yeye aliyesimama kwenye tuta la mpaka akitazama kivuli chake. Lakini siku hiyo haikuwa leo. Leo mgongo ulikuwa unamwuma kwa kazi aliyoipenda, na mdogo wake alikuwa mbele yake, anapiga mluzi.

Alipotazama mstari wake aliona amebananisha tena, mche juu ya mche.

"Kiganja," akamwambia. "Mara ngapi nikuambie? Weka kiganja."

Saa Mbovu akacheka, akaung'oa ule wa mwisho, akapima kwa mkono wake, akausogeza. Akafukia mizizi kwa uangalifu, akashindilia kwa vidole viwili, na akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mama Vitunguu akamwekea mche mwingine.